Mionzi huharibu hata kifaa kinachoipima: Wanasayansi wa Geneva hufanyaje?

Tangu Uyombo, kule Kilifi, itajwe kuwa mahali panapoweza kujengwa mtambo wa nyuklia, neno "mionzi" limetoka kwenye vitabu vya shule na kuingia barazani. Utalisikia penye kahawa, utalisikia ndani ya matatu, utalisikia kwa wavuvi wanaohofia bahari yao. Kila mmoja ana lake. Yupo anayesema mionzi ni mauti yasiyo na dawa, na yupo anayesema wataalamu wameshamaliza kila kitu, hakuna la kuogopa. Nimewasikiliza wote, na naona kuna swali moja wanaloliruka: mionzi inafanya nini hasa inapokigusa kitu, na tunajuaje?

Makala haya hayaungi mkono mtambo huo wala hayaupingi. Hilo lina siku yake. Leo nataka nikupeleke mbali kidogo, msomaji wangu, mahali ambapo kuna vifaa vinavyopigwa na mionzi mchana na usiku kwa miaka, na bado vinatakiwa vitoe hesabu sahihi. Mimi si mwanafizikia. Nina diploma ya elektroniki tu. Lakini dayodi naijua, na kama utakavyoona, kiini cha habari hii ni dayodi.

Mtambo wa chini ya ardhi

Mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, karibu na jiji la Geneva, kuna kituo cha utafiti kiitwacho CERN. Chini ya mashamba na vijiji vya pale, kina cha mita 100 hivi, limechimbwa handaki la mviringo lenye urefu wa kilomita 27. Ndani yake mna mtambo unaoitwa LHC. Kazi yake ni kuzungusha makundi ya protoni, zile chembe ndogo zilizomo ndani ya kiini cha atomi, kwa kasi inayokaribia ya mwanga, kisha kuyagonganisha. Makundi hayo hukutana mara milioni 40 kwa kila sekunde.

Kila mgongano hurusha chembe mpya pande zote, kama cheche za moto wa kuchomelea vyuma. Kuzunguka mahali pa mgongano pamejengwa vigunduzi vikubwa kama majumba. Viwili vinavyojulikana zaidi ni ATLAS na CMS, ambavyo mwaka 2012 vilitangaza kupatikana kwa chembe iliyotafutwa kwa miongo mingi, ile ya Higgs. Ili kujua chembe imetoka wapi na imepita njia gani, katikati kabisa ya majumba hayo pamewekwa tabaka za vihisi vyembamba vya silikoni.

Hao ndio wahusika wetu leo. Tabaka la ndani kabisa la ATLAS, lililowekwa mwaka 2014, liko sentimita 3.3 tu kutoka mstari wa migongano. Ni umbali usiofika upana wa kiganja cha mtoto. Hakuna kihisi kingine katika chumba kile kinachokaa karibu na moto kiasi hicho.

Binamu wa paneli ya sola

Wengi wetu Pwani tuna paneli ya sola juu ya bati. Basi kihisi cha silikoni ni binamu wa paneli hiyo. Vyote viwili ni dayodi kubwa bapa. Katika paneli, mwanga wa jua hupiga silikoni na kuzifungua elektroni, nazo zikitembea tunapata umeme. Katika kihisi, inayopita ni chembe moja tu yenye chaji. Kila inapopita maikromita moja ya silikoni hufungua elektroni 80 hivi. Kihisi chenye unene wa maikromita 200 kitatoa elektroni kama 16,000.

Elfu kumi na sita zinasikika nyingi, lakini kwa umeme ni kiasi kidogo mno. Ili zifike kwenye waya kabla hazijapotea, kihisi huwekewa volti upande wa kinyume, ule ambao dayodi haipitishi umeme. Kwa hiyo kihisi kizuri ni kile kilichotulia kimya. Hakuna mkondo unaopita mpaka chembe ipite, na ikipita huonekana mdundo mdogo wa umeme kwenye kipande kimoja. Vipande hivyo vimekatwa vidogo, katika tabaka lile la mwaka 2014 kila kimoja kina maikromita 50 kwa 250, ndipo wanasayansi waweze kusema chembe ilipita hapa hasa wala si pale.

Kinachoharibika ndani

Atomi za silikoni zimepangika kwa safu, kama waumini waliosimama bega kwa bega kwenye swala. Umeme hupita vizuri kwa sababu safu zimenyooka. Sasa ije protoni au nyutroni yenye nguvu na kumgonga mmoja. Atomi ile inang'oka mahali pake. Inaacha pengo kwenye safu, na yenyewe inaishia kusimama kati ya safu mbili, mahali ambapo hapakuwa pa mtu. Ikiwa imegongwa kwa nguvu nyingi, nayo huwagonga wenzake, na eneo zima linavurugika.

Pengo moja si kitu. Mapengo yakiwa matrilioni, yanaleta hasara tatu.

Ya kwanza ni kuvuja. Kihisi kilichokuwa kimya sasa kinapitisha mkondo mdogo hata kama hakuna chembe. Mkondo huo huleta kelele, na pia huleta joto. Joto nalo huongeza mkondo, kwa kuwa kila nyuzi 7 hivi za joto zikiongezeka, uvujaji huongezeka maradufu. Usipouzuia mzunguko huo, kihisi kinajichemsha chenyewe mpaka hakifai.

Ya pili ni kubadilika tabia. Silikoni hutiwa kiasi kidogo sana cha fosforasi au boroni ili iwe ya aina moja au nyingine. Mionzi huivuruga hesabu hiyo. Silikoni iliyoanza maisha ikiwa aina ya fosforasi huweza kugeuka na kutenda kama ya boroni. Volti iliyotosha jana haitoshi leo. Katika tabaka lile la ATLAS, sehemu kubwa ya vihisi ilianza kazi kwa volti 80, na ilipofika mwaka 2018 ilikuwa imepandishwa hadi 400.

Ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote, nayo ni mitego. Yale mapengo hufanya kazi kama madema yaliyotegwa chini ya bahari. Elektroni zinazokimbilia waya hunaswa njiani. Chembe imepita, imefungua elektroni zake 16,000, lakini zinazofika ni nusu, au robo. Mdundo unafifia. Ukififia sana, kifaa kinasema hakuna kilichopita, na huo ni uongo.

Kwa hesabu, mambo yako hivi. Mtu akipigwa mwili mzima na dozi ya gray 4 hivi kwa muda mfupi, na asitibiwe, uwezekano wa kufa ni karibu nusu kwa nusu. Mtambo wa LHC unaboreshwa ili ugonganishe protoni nyingi zaidi, na awamu hiyo mpya inatarajiwa kuanza karibu mwaka 2030. Vihisi vya ndani kabisa vitapaswa kustahimili dozi ya takribani gray milioni 10, na hadi sawa na nyutroni trilioni 20,000 kupita katika kila sentimita moja ya mraba.

Akili ya fundi wa jahazi

Hapa ndipo nilipopendezwa na watu hawa. Hawakukaa kutafuta silikoni isiyoharibika, maana hakuna. Waliifuata njia ambayo mafundi wetu wa majahazi kule Lamu wanaijua. Fundi hajidanganyi kwamba mbao hazitaliwa na maji. Anachagua mti, anatia kalafati, anapaka sifa, na kila baada ya muda anakipandisha chombo pwani akitazame. Usipoziba ufa, wahenga walisema, utajenga ukuta.

Kuchagua mti, kwa wanasayansi hawa, kulikuwa kuchagua silikoni. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kundi moja la watafiti wa CERN liligundua kwamba silikoni iliyoongezwa oksijeni huvumilia zaidi protoni na jamaa zake. Kwa nyutroni faida ilikuwa ndogo. Jambo hilo liliwafundisha kwamba hakuna dawa moja kwa kila aina ya mionzi. Mwaka 2002 likaanzishwa kundi jingine, RD50, lililowaleta pamoja watafiti wa nchi nyingi kwa zaidi ya miaka 20 kwa ajili ya swali hili moja tu.

Wakageuza pia aina ya silikoni. Badala ya kuanza na ile itakayogeuka tabia, vihisi vipya vinaanza na aina ya boroni tangu mwanzo. Zaidi ya hayo vimepangwa ili zinazokusanywa ziwe elektroni, kwa kuwa hukimbia kama mara tatu ya yale "matundu" yenye chaji ya kinyume. Anayekimbia haraka hunaswa kwa nadra.

Wazo lililonivutia zaidi lilitolewa mwaka 1997 na mwanafizikia wa Marekani, Sherwood Parker, na wenzake. Katika kihisi cha kawaida, nguzo za umeme ziko juu na chini, kama siagi kwenye pande mbili za mkate. Elektroni hulazimika kuvuka unene wote. Parker na wenzake wakasema: tuchimbe mashimo membamba ndani ya silikoni yenyewe, tuweke nguzo humo, zipenye kutoka juu hadi chini. Chembe itapita unene uleule na kufungua elektroni zilezile, lakini elektroni zitakwenda pembeni tu, hatua chache, hadi nguzo ya jirani. Njia ikiwa fupi, mitego haipati muda wa kunasa. Vihisi vya namna hiyo vilitumika kwa mara ya kwanza katika mtambo mkubwa wa chembe mwaka 2014, kwenye robo ya tabaka lile la ATLAS, na vimechaguliwa tena kwa tabaka la ndani kabisa la kigunduzi kipya.

Kisha kuna baridi. Vihisi hupozwa hadi chini sana ya nyuzi sifuri, na mitambo ya kisasa hupitisha kaboni dayoksaidi kwenye vijibomba vyembamba. Baridi hupunguza kuvuja, na ina kazi ya pili. Silikoni iliyojeruhiwa ikikaa kwenye joto la chumba, baadhi ya atomi hurudi kwenye mapengo yao na kihisi hupata nafuu kwa muda wa wiki chache. Ukiiacha zaidi, mambo yanageuka. Majeraha yaliyotulia yanaungana kwa namna mpya na hali inazidi kuwa mbaya. Ndiyo maana vihisi huwekwa kwenye baridi hata mtambo ukiwa umezimwa kwa matengenezo.

Kujaribu kabla ya safari

Hakuna kihisi kinachopelekwa kazini bila kuadhibiwa kwanza. Huko Ljubljana, nchini Slovenia, kuna kinu kidogo cha nyuklia cha utafiti kinachofanya kazi tangu 1966. Vihisi vya majaribio huingizwa ndani yake, na kwa saa chache tu hupata nyutroni ambazo wangezipata kwa miaka kule Geneva. CERN nayo ina mahali pake pa kuvipiga kwa protoni. Baada ya hapo hurudishwa maabara, hupozwa, hupimwa tena, na matokeo huchapishwa hadharani pamoja na kasoro zake.

Hata hivyo mambo hutokea. Mwaka 2015 zile chipu zinazosoma ishara za tabaka jipya la ATLAS zilianza kula umeme mwingi kuliko ilivyotarajiwa. Mionzi ilikuwa imeyagusa maungio madogo ndani ya chipu zenyewe. Wahandisi wakakuta kwamba chipu zinatulia zikiwa na joto kidogo, hali vihisi vinataka baridi. Wakapunguza volti, wakapandisha joto kiasi, wakasubiri athari hiyo ipite kilele chake, na kazi ikaendelea. Waliweza kwa sababu walikuwa wakiutazama mkondo wa umeme kila siku. Asiyetazama angejua siku ya kuzimika.

Kuna pia kukubali mwisho. CMS ilibadilisha kigunduzi chake chote cha ndani mapema mwaka 2017, na tabaka la karibu zaidi likabadilishwa tena miaka michache baadaye. Katika ATLAS mpya, tabaka mbili za ndani zimebuniwa tangu mwanzo ili zitolewe na kuwekwa nyingine katikati ya safari. Siku ya kustaafu imeandikwa kwenye mchoro kabla kifaa hakijazaliwa.

Jeraha linapokuwa kipimo

Kuna jambo moja ambalo ningependa kila msomaji aondoke nalo. Ule mkondo unaovuja, hasara ya kwanza niliyoitaja, una tabia ya ajabu. Unaongezeka sawasawa na idadi ya chembe zilizopita, na haujali silikoni ilitengenezwa vipi. Ukipima ulivyovuja, katika joto unalolijua, unaweza kusema ni mionzi kiasi gani imepita hapo. Wanasayansi wa LHC hufanya hivyo, kisha hulinganisha na mahesabu ya kompyuta. Pale ambapo hesabu na kipimo havikubaliani, huchunguza sababu.

Mambo haya si ya Ulaya peke yake. Katika hospitali zinazotibu saratani kwa mionzi, dayodi za silikoni hutumika kuhakikisha mgonjwa anapata dozi aliyoandikiwa. Dayodi hiyo nayo huchoka. Kadiri inavyopigwa na mionzi, ndivyo usikivu wake unavyopungua, na isipolinganishwa upya na kipimo cha kuaminika, itasoma kidogo kuliko kilichopita. Unaona hatari yake bila mimi kukueleza.

Na hapa kwetu Ngomeni, kaunti hiyohiyo ya Kilifi yenye Uyombo, kuna kituo cha anga cha Waitalia kilichorusha setilaiti iitwayo Uhuru tarehe 12 Disemba 1970. Miaka mingi baadaye kituo hicho kikawa ndicho kinachopokea data za setilaiti nyingine ya Kiitalia, AGILE, iliyorushwa kutoka India mwaka 2007 na kudumu angani hadi 2024. Tumboni mwake mlikuwa na tabaka za vihisi vya silikoni, teknolojia iliyokuzwa katika maabara za chembe, zikitafuta miali ya gama kutoka kwenye nyota za mbali. Ilizungushwa karibu na mstari wa ikweta, kwa sababu huko mionzi inayosumbua vihisi ni michache. Kwa miaka 16 habari za vihisi hivyo zilishukia ufuoni mwetu, na sijui ni vijana wangapi wa Malindi waliwahi kuambiwa.

Maswali ya kwenda nayo barazani

Sasa nirudi nilipoanzia. Kikao kijacho cha kutoa maoni ya umma kikiitishwa, kiwe cha mtambo wa nyuklia, cha mashine mpya ya hospitali au cha mgodi wowote, msomaji wangu usiridhike na neno "salama" wala neno "hatari". Yote mawili ni mepesi kutamka.

Uliza mionzi itapimwa kwa kifaa gani, na kifaa hicho kitawekwa wapi. Uliza kifaa chenyewe huchoka baada ya muda gani, na mara ya mwisho kililinganishwa na kipimo cha kuaminika lini. Muuza sukari dukani mizani yake hukaguliwa na kupigwa muhuri; iweje cha mionzi kisikaguliwe? Uliza ni nani asiyelipwa na mradi huo ataruhusiwa kusoma takwimu, na zitabandikwa wapi tuzione sisi wananchi. Uliza pia ni sehemu zipi zimepangiwa kubadilishwa, mwaka gani, na pesa za kubadilisha ziko kwenye bajeti ya nani.

Watu wa Geneva wana fedha, wana elimu, na wamezungukwa na wataalamu maelfu. Hata hivyo kila siku wanaamini kwamba kifaa chao kinaharibika, na kila siku wanakipima. Mtu akija kwetu na mradi wa mionzi akatuambia vyake haviharibiki, tumwombe kwa adabu akae chini, atuonyeshe vipimo.